Nicol David na Lango la Mabwana

Mwezi Oktoba mwaka 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ikikutana mjini Mumbai, ilikata shauri kwamba skwoshi ichezwe katika Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028. Wapenzi wa mchezo huo katika mabara yote walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwani ombi lao lilikuwa limekataliwa mwaka 2005, mwaka 2009 na mwaka 2013. Lakini shangwe hiyo haina budi kuchanganyika na uchungu. Yule aliyestahili kuliko wote kupita katika lango hilo alikuwa amekwisha kuweka raketi chini tangu mwaka 2019. Huyo ni Nicol Ann David wa Malaysia, aliyekuwa bingwa wa dunia mara nane kati ya mwaka 2005 na mwaka 2014, na ambaye kuanzia Agosti 2006 hadi Septemba 2015 hakuna mwanamke aliyeweza kumwondoa katika nafasi ya kwanza ya orodha ya dunia. Ni miezi 108 bila kukatika.

Waandishi wengi wa michezo, hasa wa nchi za Magharibi, wana desturi ya kumweleza bingwa kana kwamba ni nyota iliyoanguka kutoka mbinguni. Husifu wepesi wa miguu yake, husifu tabasamu lake, kisha huhesabu mataji. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haielezi jambo. Haielezi kwa nini mabingwa wa wanawake katika mchezo huu walitoka, kwa miaka zaidi ya themanini, katika nchi chache sana, wala haielezi kwa nini siku moja akatokea msichana wa kisiwa cha Penang akaivunja safu yao. Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza iulizwe skwoshi ilikuwa mali ya nani.

Mchezo huu ulizaliwa katika karne ya 19 katika shule ya Harrow nchini Uingereza, shule ya watoto wa mabwanyenye na watawala. Wavulana waliokuwa wakingoja zamu yao katika mchezo mwingine wa raketi walijizoeza kandoni kwa mpira wa raba laini uliobonyea unapogonga ukuta, na kubonyea huko ndiko kulikoupa mchezo jina lake. Baada ya hapo ulifuata njia za dola. Popote jeshi la Kiingereza lilipopiga kambi palijengwa klabu ya maofisa, na penye klabu hapakukosekana chumba cha skwoshi: Peshawar, Cairo, miji ya Malaya. Afrika Mashariki nayo ilipata sehemu yake ya vilabu hivyo, Nairobi na Dar es Salaam, na katika siku zile Mwafrika aliyevuka lango lake alivuka akiwa na sinia mkononi. Hata umbo la kiwanja lilisaidia. Mpira wa miguu huchezwa uwanjani na kila apitaye njiani huutazama na kuuiga. Skwoshi huchezwa ndani ya kuta nne, katika chumba cha urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4, na asiyeruhusiwa kuingia haoni kitu ila kusikia kishindo cha mpira.

Hata hivyo watumishi nao wana macho. Hashim Khan, mtoto wa kijiji cha Nawakille karibu na Peshawar, alianza kwa kuwaokotea mipira maofisa wa Kiingereza, akajifundisha mwenyewe wakati wenye klabu wamejipumzisha kwa sababu ya jua. Mwaka 1951 alikwenda London akalitwaa taji la Mashindano ya Wazi ya Uingereza, ambayo siku hizo ndiyo yaliyohesabiwa kuwa ubingwa wa dunia. Aliyemshinda katika fainali alikuwa Mahmoud Karim wa Misri, naye alikuwa amekwisha kulitwaa taji hilo mara nne. Kwa upande wa wanaume, basi, lango la mabwana lilivunjwa mapema, na lilivunjwa kutoka ndani, na watu waliokuwa wameajiriwa kulifagia.

Kwa mwanamke wa nchi zilizotawaliwa mambo hayakuwa hivyo, kwa sababu yeye alifungiwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mkoloni. Wa pili ulikuwa wa nyumbani kwake, maana aliyeruhusiwa kwenda kuokota mipira klabuni alikuwa kijana wa kiume, si dada yake. Mashindano ya wanawake ya Uingereza yalianza mwaka 1922, kabla hata ya yale ya wanaume, na kwa karibu miaka arobaini Waingereza waliachiana taji wao kwa wao. Akaja Heather McKay wa Australia, binti wa mwoka mikate wa mji mdogo wa Queanbeyan, akalichukua mara 16 mfululizo kuanzia mwaka 1962 hadi mwaka 1977. Huyo alikuwa mchezaji wa ajabu, na anastahili makala yake peke yake. Baada yake walifuata Waaustralia wengine, Waingereza na Wanyuzilandi. Mashindano ya Dunia ya wanawake yalipoanzishwa mwaka 1976 majina yalikuwa ya nchi hizo hizo, mpaka Mholanzi mmoja alipojipenyeza mwaka 2004. Asia haikuwa na hata jina moja katika orodha, Afrika vivyo hivyo.

Nicol David alizaliwa Penang tarehe 26 Agosti 1983. Baba yake, mhandisi mwenye asili ya Kihindi, aliwahi kuwa mlinda mlango wa mpira wa miguu. Mama yake, mwalimu wa shule, ana asili ya Kichina. Haikuwa familia ya kimaskini, na hapana haja ya kumzulia umaskini ili hadithi ipendeze. Lakini pia haikuwa familia ya mabwanyenye wa vilabu. Kilichomfikisha msichana huyo kwenye skwoshi ni kwamba katika mtaa wa Bukit Dumbar kulikuwa na kituo cha skwoshi cha umma, ambacho mtoto aliweza kuingia pamoja na dada zake bila kuulizwa babu yake alikuwa nani. Kituo hicho leo kina jina lake. Ni rahisi kupita haraka mbele ya jambo hilo, nalo ndilo kiini cha mambo yote. Kiwanja cha skwoshi ni ghali: kinahitaji jengo, sakafu ya mbao, taa na kuta nyofu zisizo na ufa. Hakitengenezwi kwa matambara na vijiti kama watoto wanavyotengeneza goli barabarani. Kwa hiyo ama kitajengwa na wenye fedha kwa ajili ya wenye fedha, au kitajengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya umma.

Malaysia ilichagua njia hiyo ya pili, na haikuchagua kwa pupa. Ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kuala Lumpur mwaka 1998, skwoshi iliingizwa katika michezo hiyo kwa mara ya kwanza. Wasomaji watakumbuka kwamba ni katika michezo hiyo hiyo, kule Christchurch mwaka 1974, ndipo Filbert Bayi alipoishangaza dunia katika mbio za mita 1,500. Kwa nchi nyingi zilizotawaliwa Jumuiya ya Madola imekuwa uwanja wa kwanza wa kupimana nguvu na mtawala wa zamani. Mwishoni mwa mwaka huo huo skwoshi ikachezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Asia mjini Bangkok, na aliyetwaa medali ya dhahabu ya wanawake alikuwa Nicol David, mtoto wa miaka 15. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2001, mashindano hayo yalipofanyika nyumbani kwao Penang, alilitwaa taji hilo tena, jambo ambalo msichana mwingine yeyote hakuwa amelifanya.

Hapo ndipo vipaji vingi vya Ulimwengu wa Tatu hufia. Bingwa wa vijana hupigiwa makofi uwanja wa ndege, hupewa chakula cha jioni na mheshimiwa, kisha husahauliwa. Nicol David naye alifika karibu na ukingo huo. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 2002 mjini Busan alishindwa katika fainali na Rebecca Chiu wa Hong Kong, na kushindwa huko kulimwumiza kiasi cha kumfanya ajiulize kama aendelee. Mwaka 2003 alikwenda Amsterdam kufundishwa na Liz Irving, Mwaustralia aliyewahi kuwa wa pili duniani, na hapo akakaa kwa miaka mingi ya ubingwa wake.

Wapo watakaouliza: je, huku si kurudi kwa mkoloni kuomba elimu? Swali ni halali, lakini linachanganya mambo mawili. Mtu anayekwenda ughaibuni mikono mitupu hurudi na deni. Anayekwenda akiwa amekwisha kujengwa nyumbani hurudi na ujuzi. Msichana huyo alipofika Uholanzi alikuwa na miaka kumi na zaidi ya mazoezi ya Kimalaysia miguuni, na nchi yake iliendelea kumgharimia. Alichokitafuta ni mwalimu mmoja na wapinzani wa kila siku wa kiwango cha juu, na alivipata vyote viwili. Ambalo linaweza kusikitikiwa ni kwamba mwaka 2003 Asia, yenye watu wengi kuliko bara lolote, haikuwa na mahali ambapo mwanamke angepata vitu hivyo bila kupanda ndege ya masafa marefu.

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 2005 alitwaa ubingwa wa dunia mjini Hong Kong kwa kumshinda Rachael Grinham wa Australia, na mwaka huo huo akalitwaa taji la Uingereza. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Asia kufanya hayo. Januari 2006 alishika nafasi ya kwanza duniani. Kisha, mwaka 2007, akitetea taji lake mjini Madrid, aling'olewa mapema na Shelley Kitchen wa New Zealand, na wapo waliodhani hadithi imekwisha. Ikaja miaka mitano mfululizo ya ubingwa: Manchester 2008, Amsterdam 2009, Sharm el-Sheikh 2010, Rotterdam 2011, Grand Cayman 2012. Katikati ya miaka hiyo hata kanuni za kuhesabu zilibadilika. Zamani mchezaji alipata pointi pale tu alipokuwa yeye ndiye anayeanzisha mpira, na seti ilikwenda hadi tisa. Tangu mwaka 2008 wanawake wakaanza kucheza hadi kumi na moja, kila mpira ukiwa na pointi yake. Mfumo wa zamani uliwapendelea wenye pumzi, na wengi walimhesabu yeye kuwa mchezaji wa pumzi. Alishinda kwa mfumo wa zamani, akashinda kwa mfumo mpya. Ushindi wa Rotterdam dhidi ya Jenny Duncalf wa Uingereza, 11-2, 11-5, 11-0, haukuwa wa pumzi hata kidogo. Kwa ushindi huo alifikisha mataji sita na kumpita Sarah Fitz-Gerald wa Australia aliyekuwa na matano.

Lakini atakayetaka kumjua mchezaji huyu hasa na auangalie mwaka 2014. Mwezi Machi mashindano ya dunia ya mwaka 2013, yaliyokuwa yamecheleweshwa, yalifanyika Penang. Nchi nzima ilikuwa ikimtazama. Katika nusu fainali alikutana na Nour El Sherbini, msichana wa Misri aliyekuwa bado na umri wa miaka 18, akashindwa mbele ya watu wake. Taji lilikwenda kwa Laura Massaro wa Uingereza. Miezi tisa baadaye mashindano yaliyofuata yakafanyika Cairo, na safari hii mambo yaligeuka: yeye alikuwa mgeni, na fainalini alikutana na Raneem El Weleily, Mmisri, mbele ya Wamisri. Seti ya kwanza alipoteza 11-5, ya pili akashinda 11-8, ya tatu akapoteza 11-7. Katika seti ya nne El Weleily alifika 10-6. Pointi moja tu ilikuwa imebaki, na alikuwa na nafasi nne za kuipata. Hakuipata. Nicol David, aliyekuwa na umri wa miaka 31, alizizima zote nne, akaichukua seti hiyo 14-12, kisha akamaliza 11-5. Hilo lilikuwa taji la nane, na lilikuwa la mwisho.

Si kila kilichomkabili kilikuwa na raketi mkononi. Kwa sehemu kubwa ya utawala wake mwanamke aliyekuwa wa kwanza duniani alilipwa chini ya mwanamume aliyekuwa wa kwanza duniani, kwa kazi ile ile, katika chumba kile kile. Ni mwaka 2013 tu ambapo Mashindano ya Wazi ya Marekani yalitoa kwa mara ya kwanza zawadi sawa kwa wanawake na wanaume. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara saba. Waandaaji walikuwa wakisema kwamba watazamaji hulipia tiketi ili kuwaona wanaume. Hoja hiyo inajulikana katika kila kiwanda na kila shamba ambako mwanamke amewahi kudai ujira sawa, na haijawahi kuwa hoja ya hesabu. Ni hoja ya mazoea. Mara baada ya zawadi kusawazishwa katika mashindano mengine makubwa, viti havikubaki vitupu.

Turudi kwenye Olimpiki, kwa maana hapo ndipo dhuluma ilipokuwa kubwa zaidi. Mwaka 2009 Kamati iliikataa skwoshi ikachukua gofu na raga ya wachezaji saba kwa ajili ya Rio de Janeiro. Gofu ilipofika Rio mwaka 2016, kadhaa wa wachezaji wake maarufu wa kiume walijitoa, wengi wakitaja hofu ya ugonjwa wa Zika. Walikuwa na mashindano mengine ya kutajirisha. Olimpiki kwao ilikuwa ziada. Kwa mwanaskwoshi wa Malaysia, Misri au India Olimpiki si ziada. Ndiyo inayofungua mfuko wa serikali, ndiyo inayomfanya waziri ajue jina la mchezo, ndiyo inayomfanya mama wa kijijini akubali binti yake akose kuchota maji jioni ili aende mazoezini. Mwaka 2013 Nicol David alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya Kamati kuuombea mchezo wake. Kamati ikachagua mieleka, ambayo yenyewe ilikuwa imeitoa miezi michache tu kabla. Mieleka ni mchezo wa kale na hapana ubaya kurudishwa kwake, lakini wengine wangesema kwamba kumtoa mtu mlangoni ili umkaribishe tena kwa fahari si njia ya kujaza nafasi iliyodaiwa na mgeni aliyengoja kwa miaka minane.

Ili kuupima uzito wa hasara hiyo inatosha kumtazama Mmalaysia mwenzake, Lee Chong Wei wa badminton, naye mtoto wa jimbo hilo la Penang kwa makuzi. Huyo alipata medali ya fedha katika Olimpiki tatu, mwaka 2008, 2012 na 2016, na kila mara taifa lote lilikaa mbele ya televisheni likashangilia na kulia naye. Hadi kumalizika kwa michezo ya Paris ya mwaka 2024 Malaysia haikuwa imepata dhahabu hata moja ya Olimpiki. Mwezi Agosti 2012, London ilipokuwa ikigawa medali, mwanamke aliyekuwa wa kwanza duniani kwa mwaka wa sita mfululizo alikuwa raia wa nchi hiyo, mwenye umri wa miaka 28, katika kilele cha nguvu zake. Hakualikwa kushindana. Ilimbidi aridhike na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, Delhi mwaka 2010 na Glasgow mwaka 2014, na dhahabu tano za mchezaji mmoja mmoja za Michezo ya Asia, ya kwanza akiwa na miaka 15 na ya mwisho mwaka 2018 akitimiza miaka 35.

Katika dhahabu hiyo ya mwisho yamo mambo mawili. Aliyeshindwa naye fainalini alikuwa Mmalaysia mwenzake, Sivasangari Subramaniam, kijana wa miaka 19. Mwaka 2022 Sivasangari aliumia vibaya katika ajali ya gari. Mwaka 2024 alilitwaa taji kubwa la London. Kwa hiyo kile kilichojengwa hakikuondoka na mtu mmoja. Tena nchi ya makabila matatu makubwa, Wamalay, Wachina na Wahindi, nchi iliyomwaga damu kwa ugomvi wa makabila mwezi Mei 1969, ilipata katika binti wa Mhindi na Mchina mtu ambaye wote walimwita wetu. Waliompa heshima ya Datuk mwaka 2008 hawakumwuliza ni wa upande gani.

Hata hivyo ukweli usifichwe: ufalme wa skwoshi ya wanawake umehamia Misri. Raneem El Weleily ndiye aliyemtoa katika nafasi ya kwanza mwezi Septemba 2015, na Nour El Sherbini, yule msichana wa nusu fainali ya Penang, alifikisha naye mataji manane ya dunia mjini Chicago mwaka 2025. Asiyejua atasema rekodi ya Nicol David imefifia. Anayetazama kwa makini ataona kwamba mataji 16 kati ya hayo ya karibuni yamekwenda kwa mwanamke wa Penang na mwanamke wa Alexandria, na kwamba Misri imefika hapo kwa sababu ina vilabu vya michezo ambamo watoto wengi, wavulana kwa wasichana, hushika raketi tangu wakiwa wadogo na kushindana wao kwa wao kila wiki. Vilabu hivyo vingi ni vya watu wa tabaka la kati na la juu, na hilo nalo halifai kunyamaziwa.

Nicol David mwenyewe haonekani kulisahau. Baada ya kustaafu alianzisha nchini Malaysia taasisi yenye jina lake, ambayo huwafundisha skwoshi na lugha ya Kiingereza watoto wa shule za msingi kutoka familia zenye kipato kidogo. Ni kazi njema. Lakini taasisi ya mtu mmoja, hata akiwa bingwa mara nane, hupokea watoto wachache na huishi kwa hisani ya wafadhili. Kituo cha Bukit Dumbar hakikumwomba Nicol David hisani yoyote alipokuwa mtoto. Kilikuwa wazi, na alikuwa na haki ya kuingia.